Uvumilivu na Ukimya

Katika sifa ambazo wazazi wetu hupenda kuziona kwa watoto wao, uvumilivu una cheo kikubwa. Mtoto aliyejikwaa akainuka bila kulia husifiwa. Kijana aliyefiwa akasimama kaburini na macho makavu husifiwa zaidi. Na msichana atembeaye mwendo mrefu alfajiri katika ukungu wa Sosiot, viatu vimelowa umande, akafika darasani asinung'unike, hutajwa mbele ya wenzake kuwa mfano. Mimi sina ugomvi na sifa hiyo. Nchi ya chai haikujengwa na watu walegevu. Mchumaji huingia shambani kabla jua halijapanda, kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi lake, tena na tena, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Na hulipwa kwa kadiri ya kilo zake. Asiyeweza kuvumilia haiwezi kazi hiyo hata kwa siku moja.

Walakini uvumilivu una jirani afananaye nao kwa sura, wala hawana udugu wo wote. Jirani huyo ni ukimya. Wanafunzi wawili waweza kukaa kimya katika dawati moja: mmoja amenyamaza kwa sababu moyo wake umetulia, na mwingine amenyamaza kwa sababu amekata tamaa ya kusikilizwa. Kwa macho ya mwalimu mwenye haraka, wawili hao ni sawasawa. Basi swali ninalotaka tulichungue pamoja, msomaji kijana, ni hili: je, mtoto mwenye mzigo moyoni ana wajibu wa kuuficha ili aitwe hodari? Na kama hana, ni wajibu wa nani kuuona mzigo huo kabla haujamwangusha?

Tuseme kwanza mzigo huo ni kitu gani. Huzuni peke yake si ugonjwa. Anayefiwa na babu yake akalia majuma mawili hana maradhi, ana upendo. Anayeingia katika chumba cha mtihani na tumbo linalouma ana hofu ya kawaida, na hofu hiyo huisha karatasi ikikusanywa. Lakini iko huzuni isiyoondoka. Hukaa wiki baada ya wiki, ikala usingizi, ikala hamu ya chakula, ikala hata hamu ya mpira na nyimbo. Mtu husoma ukurasa mmoja mara nne asijue amesoma nini. Iko na hofu isiyo na mtihani, inayomkamata mtu akiwa ameketi tu. Hapo ndipo tunaposema akili imeugua, kama vile tusemavyo mwili umeugua unapokuwa na homa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza mtu akiwa hajapita miaka 14, na kwamba katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la namna hiyo. Miaka 14 ni umri ambao wengi wenu mliingia sekondari. Sisemi kwamba kila darasa la wanafunzi 49 katika Belgut lina wagonjwa saba kamili, kwa kuwa wastani wa dunia haukai sawa kila mahali. Nasema tu kwamba jambo hili si la watu wa mbali.

Kizuizi cha kwanza ni jina. Nchini Kenya mtu akisikia maneno "ugonjwa wa akili", mawazo yake hukimbilia Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyoanza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Hospitali hiyo imetibu watu wengi, lakini jina lake tumelifanya tusi. Watoto hutupiana uwanjani kama jiwe. Kijana ambaye amelisikia tusi hilo tangu darasa la kwanza atawezaje kusimama akasema, "Mwalimu, akili yangu inaniuma"? Atasema kichwa kinamuuma. Atasema tumbo. Nesi atampa vidonge viwili, naye atarudi darasani na maumivu yake yale yale.

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa maana si haki kumwambia kijana aseme kweli huku mwalimu anaficha yake. Shule zote za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, na yaliyobaki yakarudi Januari 2021. Wakati huo nilikuwa nikifundisha katika shule nyingine, ambayo sitaitaja. Katika Kidato cha Pili alikuwako mvulana mmoja ambaye kabla ya kufungwa kwa shule alinichosha kwa maneno. Aliuliza maswali yasiyohusu somo, aliiga sauti za walimu, na mara mbili nilimtoa nje. Aliporudi Januari alikuwa mtu mwingine. Hakuuliza. Hakucheka. Alikaa karibu na dirisha, akaandika alichoambiwa kuandika. Mwisho wa muhula nilikamata kalamu yangu, nikaandika katika ripoti yake: "Amekua. Nidhamu yake sasa ni bora."

Majuma machache baada ya kufungua tena, mlinzi alimkuta saa nane za usiku ameketi kando ya tangi la maji, mvua inanyesha, hana sweta, wala hawezi kueleza ametokaje bwenini. Asubuhi tulimwita mzazi. Aliyekuja ni bibi yake, mama mzee mwenye shuka begani, akaketi katika ofisi bila kuegemea kiti. Nilimwamkia, nikamwita Kogo, kama tunavyowaita bibi zetu. Ndipo nilipojua kwamba mama wa kijana huyu alifariki katika miezi ile ya kufungwa kwa shule. Kwamba siku ya maziko wajomba walimwambia asilie, kwani yeye sasa ndiye mwanamume wa nyumba. Kwamba alichuma chai ya bibi yake kila asubuhi, akapika, akawalaza wadogo zake wawili, na tangu siku ile hakulia. Shuleni hapakuwa na mtu aliyejua. Siku ya kufungua tulikuwa na orodha ndefu mlangoni: barakoa, karo, sabuni, vipimo vya joto. Katika orodha hiyo hapakuwa na mstari unaouliza ni nani amefiwa.

Bibi yule alinitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hukuona?"

Sikuwa na jibu. Niliona, na kile nilichokiona nilikipa sifa.

Kijana alipelekwa kwa daktari, akatibiwa, akarudi darasani, na mwishoni mwa mwaka 2022 alifanya mtihani wake wa Kidato cha Nne pamoja na wenzake. Mimi nilibaki na ripoti ile. Najua watakaosema kwamba wajomba walikuwa na haki. Kwamba desturi yetu Wakipsigis ni kumfundisha mvulana asitikisike. Juu ya neno hilo nataka kusimama kidogo, kwa sababu mimi ni mtoto wa nchi hii, nami nilipita katika mafundisho hayo katika likizo ya Desemba kama wengine.

Ni kweli kwamba kijana anayetahiriwa hatarajiwi kupepesa jicho. Lakini mwenye kuitaja desturi hiyo aitaje yote. Kijana hakwendi mbele ya kisu peke yake. Wako wenzake wa rika lake bega kwa bega, wako wazee, ndugu wa kike na mama hungoja mahali pao. Na baada ya kisu, huingia utawani, ambako hukabidhiwa kwa motiriot, yaani mtu mzima aliyewekwa makusudi kumwangalia, kumfundisha, kumwuguza na kumwonya. Maneno yasemwayo humo si ya kuandikwa katika kitabu. Ila naweza kusema hili bila kuvunja mwiko wo wote: siku zote zile sikuwahi kuwa na maumivu ambayo motiriot wangu hakuyajua. Aliniuliza nimelalaje. Alijua nilipokataa chakula. Basi uhodari ule wa dakika chache ulizungukwa na wiki nyingi za kuangaliwa. Wajomba katika maziko yale walichukua nusu ya desturi, yaani kisu na macho makavu, wakaacha nusu ya pili. Walimwambia mtoto avumilie, kisha kila mmoja akaenda nyumbani kwake.

Sitaki nieleweke kana kwamba yote ya kale yalikuwa mema. Binti zetu walitendewa jambo ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ililipiga marufuku, na ilikuwa haki kulipiga marufuku. Nasema tu kwamba hata mababu zetu, ambao hawakumdekeza mtu, hawakudhani kwamba mtoto anaweza kubeba maumivu peke yake. Ukimya wa kijana mbele ya kisu ulikuwa na mashahidi. Ukimya wa kijana bwenini hauna.

Wengine hupinga kwa njia nyingine. Husema, "Sisi tulisoma kwa taa ya kibatari, tukachapwa, tukala mahindi makavu, wala hatukuwa na mshauri, mbona tulipona?" Anayesema hivyo ni yule aliyepona. Ambao hawakupona hawapo mezani kujibu: yule aliyeacha shule bila sababu ijulikanayo, yule aliyezama katika chang'aa kabla ya kutimiza miaka 20, yule aliyeitwa mvivu mpaka akaamini. Tena maisha ya leo yana mizigo yake. Katika mashamba makubwa ya Kericho, mashine za kuchumia chai zimechukua kazi ya mikono mingi. Mei 2023 hasira ilifika hata mashine kadhaa zikateketezwa kwa moto. Mtoto alalaye katika chumba kimoja na wazazi wake husikia hesabu zao za usiku: bonasi imekuwa ndogo, karo bado, kazi imekwisha. Hawamwambii yeye, lakini anasikia, na asubuhi huja shuleni na hesabu hizo kichwani pamoja na za mwalimu.

Shule haiwezi kurudisha kazi ya mzazi, wala kufufua wafu. Inaweza kuacha kuongeza mzigo. Hapa tunasaidiwa na mfano ambao kila mtoto wa Sosiot anaujua. Kipandikizi cha chai hakitolewi kitaluni kikapandwa juani siku hiyo hiyo. Hufunikwa kivuli, kikitoa mizizi, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mpaka mche uzoee jua na upepo, ndipo unapohamishwa shambani. Sijapata kusikia mkulima akiambiwa kwamba anaidekeza chai. Na mvua ya mawe, ambayo katika milima yetu hunyesha mara nyingi kuliko karibu po pote duniani, ikipasua majani yote ya shamba, mwenye shamba haushtaki mchai kwa uvivu. Hungoja, huupa nafasi, nao huchipua.

Serikali imeyakataza baadhi ya mambo yanayovunja roho ya mtoto. Fimbo iliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza siyo kipigo tu bali na mateso ya akili. Hata hivyo sheria haioni kila pembe ya bweni. Mwanafunzi mgeni anayelazimishwa kufua soksi za wakubwa na kuimba juu ya kitanda saa sita za usiku huku wanamcheka, anateswa na ninyi, si na Serikali. Mwanafunzi ambaye jina lake hubandikwa ukutani la mwisho kila mwezi hajifunzi hesabu kwa kulisoma. Na usingizi je? Ziko shule zinazojivunia kuwaamsha watoto saa kumi za alfajiri. Mimi nimewaona watoto hao saa nane mchana, vichwa juu ya madawati, na sijui fahari hiyo inakaa wapi.

Huenda utauliza: mshauri atoke wapi, na madaktari wa akili ni wachache hivyo? Jibu la kutia moyo limetoka humu humu Kenya. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Shamiri, lililofanywa kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi mwingi. Walioongoza mazungumzo hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakapewa mafunzo mafupi. Walikutana na wanafunzi kwa makundi madogo, mara moja kwa juma, majuma manne tu, wakazungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika na kukua, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Kundi jingine lilifundishwa njia za kusoma vizuri. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila la kwanza lilipata zaidi. Huko Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kuketi na watu wenye huzuni juu ya benchi, nje ya zahanati, na kuwasikiliza. Na benchi hilo limesaidia maelfu. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Kogo katika ofisi ile. Yeye aliona kwa siku moja jambo ambalo mimi, pamoja na cheti changu cha chuo cha ualimu, sikuliona kwa muhula mzima.

Lakini nisikudanganye kwamba kuketi na mtu hutosha daima. Yako maradhi yanayohitaji dawa na daktari, na anayemzuia mgonjwa wa namna hiyo asiende hospitali kwa sababu "anaombewa" au "ataacha mwenyewe" anamdhulumu. Na hapa tunafikia jambo gumu kuliko yote, ambalo wewe msomaji waweza kulikuta usiku huu huu. Rafiki yako anakuita kando. Anakuambia kwamba amechoka, kwamba angependa asiamke kesho. Kisha anakuapisha: usimwambie mtu.

Ufanye nini? Ulifundishwa kwamba siri ni amana, na mvunja siri ni mtu duni. Ni kweli. Lakini amana hutunzwa kwa faida ya mwenyewe aliyeiweka. Jirani akisafiri akakuomba usifungue mlango wa nyumba yake, nawe ukaona moshi unatoka darini, hutasimama uani ukisema kwamba uliahidi. Utavunja mlango, na akirudi akakasirika, utamwacha akasirike katika nyumba ambayo bado ipo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa siri hiyo. Mwambie rafiki yako waziwazi kwamba hutaweza kuitunza, usimwache peke yake, na mwende pamoja kwa mtu mzima mnayemwamini. Mtu mzima wa kwanza asiposikia, nenda kwa wa pili. Wako watu wazima wasiosikia, nami nilikuwa mmoja wao. Na kama hakuna mtu karibu, nambari 116 hupigwa bila malipo po pote nchini Kenya, mchana na usiku, nayo ni ya watoto.

Kwa miaka mingi hata sheria yetu ilikuwa upande wa ukimya. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu kuwa mkosaji mtu aliyejaribu kujiua, kana kwamba aliyezama anapaswa kutozwa faini kwa kunywa maji. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtoto aliyefikia ukingo huo anahitaji mkono wa kumvuta, wala hana la kuungama.

Siku hizi, kila muhula unapofunguliwa, huwapa wanafunzi wa darasa langu kipande cha karatasi. Huandika jina, kisha hujibu: nani yuko nyumbani ambaye hakuwako, nani alikuwako ambaye hayuko, na nini kimebadilika. Mwalimu mmoja mwenzangu alisema ni kazi ya bure, kwamba watoto wataandika uongo. Wengine huandika uongo, ndiyo. Hunichukua jioni mbili kuzisoma zote.

Mwaka jana mvulana mmoja aliandika maneno matatu tu: "Ng'ombe wetu aliuzwa." Nilitabasamu kidogo, nikaiweka karatasi chini. Kisha nikaichukua tena. Kwetu ng'ombe wa maziwa hauzwi hivi hivi. Kesho yake nilimwita wakati wa mapumziko, nikamwuliza ng'ombe huyo aliitwa nani. Alinitajia jina, akanieleza rangi yake, na jinsi alivyokuwa akimpiga teke kila mtu isipokuwa mama. Halafu akanyamaza. Halafu akasema kwamba fedha zilikwenda hospitali, na kwamba baba hajarudi kutoka huko, na kwamba wameambiwa wasimwambie mtu. Kengele ya kurudi darasani ililia. Nilimtuma kiranja akawaambie darasa waendelee na zoezi la jana, nasi tukabaki tumeketi kwenye ukuta mfupi karibu na uwanja, tunazungumza habari za baba yake, mpaka ukungu ukaanza kushuka.